Baada ya diploma, nani anakulisha? Hesabu ya nyumba moja ya Baraka



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja aliyemaliza mwaka huu aliniandikia kwa WhatsApp: "Yaya, nimeisha kutetea kazi yangu ya mwisho. Sasa nyumbani wananiangalia tu. Nifanye nini?" Nilianza kumjibu kwa sauti, nikaona dakika zimefika kumi na mbili, nikafuta. Nikaona heri niandike hapa, kwa sababu swali lake si la mtu mmoja.

Hilo neno "wananiangalia tu" nalijua vizuri. Tunazungumza sana juu ya ukosefu wa kazi, na tunazungumza sana juu ya waliofanikiwa. Sehemu ya katikati tunaificha: ile miezi, au ile miaka, kati ya siku ya proklamasio na siku ya mshahara wa kwanza. Katika miezi ile ulikula. Ulilala mahali. Ulitoa fotokopi, uliweka kredi kwenye simu. Nani alilipa? Mimi nitaeleza kwa hesabu ya nyumba yetu, maana ya nyumba za wengine siijui.

Nilizaliwa Baraka mwaka 1995. Mwaka uliofuata vita ikaja, wazazi wakavuka ziwa mpaka Kigoma, na mimi nikakulia Nyarugusu. Shule za Wakongomani kule kambini zilifuata programu ya kwetu, Kifaransa na yote, kwa hiyo tuliporudi mwaka 2008 sikupoteza mwaka wa masomo. Papa alifariki 2011. Kaka yangu mkubwa alikuwa ya nne ya sekondari. Hakuna mtu aliyemwambia aache. Siku moja hakuvaa uniformu, akaenda ufukweni, akaingia katika ekipi ya wavuvi wa ndagala. Sisi tuliobaki tukaendelea kusoma. Mambo yalienda hivyo tu, bila mkutano, na ndiyo maana mpaka leo nashindwa kusema ni nani aliamua.

Nilipoingia inivasite Bukavu, kaka alininunulia daftari la bluu. Akasema: "Andika yote. Si kwa kukudai. Ni kusudi ujue."

Nikaandika. Miaka mitano, graduat mitatu na licence miwili, kama ilivyokuwa kabla LMD haijaenea kwenye vyuo vyote mwaka wa masomo 2021–2022. Nilipojumlisha mwishoni ilikuwa dola 3,840: minervali, chumba cha kupanga, chakula, fotokopi, gari ya kwenda na kurudi. Zaidi ya nusu ilitoka ziwani. Sehemu nyingine ilitoka kwa muhogo na mawese ya mama. Mjomba aliyepelekwa Marekani kutoka Nyarugusu alituma dola mia moja kila mwanzo wa mwaka wa masomo, na bibi aliuza mbuzi mara mbili. Kuna ukurasa mmoja ambapo nimeandika "jirani, 5,000 F, kwa sabuni". Sikumbuki tena ni jirani gani, na hilo linaniudhi.

Kwa wale wasiojua kazi ya ziwa (wapo, hata hapa Baraka, tusidanganyane), ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta juu, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wake unashinda wa taa, ndagala wanatawanyika, na ekipi zinakaa nchi kavu kushona nyavu. Kwa hiyo mapato ya mvuvi yanafuata mwezi wa mbinguni, si mwezi wa kalenda. Tena usiku ukiwa mzuri, kwanza inatolewa gharama ya taa na ya injini, halafu sehemu ya mwenye chombo, ndipo wavuvi wagawane kinachobaki. Mhasibu wa chuo hajui jambo hilo. Yeye anajua tarehe. Mara mbili nilibaki nje ya chumba cha mtihani kwa sababu tarehe ya malipo ilianguka katikati ya mbalamwezi.

Hayo ni ya masomo, na wengi wenu mnayajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba gharama haziishi siku ya proklamasio.

Ilikuwa mwaka 2019. Mama alichinja kuku wawili, watu wakaja na poda ya kunimwagia kichwani, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Siku ya tatu bibi akaniuliza: "Sasa unaanza kazi siku gani?" Hakuwa na ubaya. Papa mwenyewe alikuwa akitusimulia kwamba wakati wao, mtu akitoka na diploma ya serikali, shule ndizo zilikuwa zinamtafuta. Bibi alikuwa bado anaishi katika hesabu ile. Na mimi, badala ya kumweleza, nilijibu: "Karibuni, bibi." Nadhani ile "karibuni" ndiyo kosa la kwanza la wasomi wengi. Tunaona aibu kuwaambia wazazi kwamba tulichopata ni ruhusa ya kuanza kutafuta, na kwamba kutafuta kwenyewe kunagharimu pesa.

Inagharimu nini? Kutoa diploma yenyewe chuoni kuna malipo. Kuna nauli ya kwenda kuichukua, na RN5 wakati wa mvua mnaijua: gari inaweza kulala njiani, nawe unalipa chakula na mahali pa kulala. Kuna cheti cha mwenendo mwema, karti ya mtafuta kazi ya ONEM ambayo matangazo mengine yanaiomba, picha ndogo, fotokopi za dosiye nzima kila unapoomba. Kuna kredi ya intaneti, maana tangazo linatoka Ijumaa na linafungwa Jumatano. Kuna viatu. Msicheke. Kwa interviu yangu ya kwanza nilivaa viatu vya shangazi, namba 40, na mimi navaa 38.

Mwaka ule wa kwanza gharama hizo zote nilizihesabu baadaye: karibu dola 210, bila chakula. Na katika mpango wa familia hazikuwamo. Walikuwa wamefunga hesabu. Kaka alikuwa ameanza kuweka pesa ya kununua injini yake mwenyewe ya pirogi. Kila niliposema "naomba ya fotokopi", nilikuwa natoa boliti moja ya ile injini.

Hapa niseme neno la haraka juu ya karatasi. Ukimaliza, pesa ya kwanza ya kuomba nyumbani iwe ya kuchukua diploma na rilevé zako, kabla ya nguo, kabla ya simu. Nina rafiki walioacha karatasi zao chuoni wakisema watazifuata siku moja. Mwezi wa pili 2025 M23 ikaingia Bukavu, na safari ile ikawa jambo lingine kabisa. Chukua mapema, piga picha kila ukurasa, tuma kwa mtu mwingine azitunze kwenye simu yake.

Kazi ya kwanza ambayo wengi wetu tunaipata ni ya kufundisha. Prefe anakukubali, unapewa masaa, na unaandikwa N.U., yaani "nouvelle unité". Maana yake unafundisha, lakini jina lako haliko kwenye listi ya malipo ya serikali. Dosiye inapanda kwenye SECOPE, ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE, na inangoja mekanizasio. Kuna anayengoja mwaka, kuna anayengoja mpaka nywele zinabadilika rangi. Katikati, mwalimu wa sekondari anaokota kidogo kwenye primu inayolipwa na wazazi. Mwalimu wa shule ya msingi hata hiyo hana. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule za msingi za serikali ni bure, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 43. Ni jambo zuri, watoto waliokuwa wanafukuzwa kwa sababu ya pesa walirudi darasani. Ila watoto walipoongezeka walihitajika walimu, walimu wapya waliingia kama N.U., na wao hawana mzazi wa kuwalipa wala serikali ya kuwalipa.

Sasa fikirini kidogo. Mtu hapokei kitu, na kila asubuhi yuko darasani, amekula, amevaa shati safi. Chakula kile kimetoka wapi? Kimetoka kwa mama yake, kwa mke wake, kwa kaka yake mvuvi. Familia ya N.U. ndiyo inayolipa mwalimu kwa niaba ya serikali. Tunasema familia zetu ni maskini, nazo zinaikopesha serikali kila siku bila karatasi.

Mimi nilifundisha hivyo miezi 14. Mwezi ambao wazazi walilipa vizuri nilipata franka 30,000, kama dola 15 wakati ule. Sijuti. Nilijifunza kusimama mbele za watu na kuandaa kazi yangu. Lakini kama ungeniuliza ningeishije na dola 15, ningekuambia uende ufukweni usiku, utamwona mtu anayenilisha, amelowa mpaka kifuani.

Sasa niandike lile ambalo sikutaka kuandika.

Mwaka 2020 bwana mmoja, anafanya kazi katika shirika ambalo sitalitaja, aliniambia kuna nafasi na kwamba yeye "anaweza kusukuma dosiye". Bei ilikuwa dola 150. Nilienda nyumbani nikasema: amenihakikishia. Bibi akauza mbuzi watatu, wawili wakiwa majike. Nikapeleka pesa. Wiki mbili baadaye bwana yule akasema pesa haikutosha, bado kuna "kitu kingine", na akanieleza kitu hicho kwa namna ambayo msichana yeyote anaielewa. Nilikataa. Nafasi ikaisha, kama kweli iliwahi kuwako. Pesa haikurudi.

Nilimficha bibi miezi minane. Kila akiuliza nilisema dosiye iko Bukavu. Mtu aliyeuza mbuzi wake kwa ajili yako, na wewe unamdanganya ukimwangalia machoni. Hayo ndiyo yaliyoniuma, kuliko yule bwana.

Dada zangu, msifikiri ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Wakati wa Ebola kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 mpaka 2020, wanawake walisema waliombwa mwili kusudi wapewe kazi. OMS iliunda tume huru, na ripoti yake ya mwezi wa tisa 2021 ilihesabu watuhumiwa 83, wakiwemo 21 walioajiriwa na OMS yenyewe. Walioomba hawakuwa wahuni wa barabarani, walikuwa na beji shingoni. Mashirika mengi sasa yana namba ya kulalamika, imebandikwa ukutani kwenye mlango wa ofisi. Ipige picha siku unapopeleka dosiye, kabla hujaihitaji.

Nilipomwambia kaka ukweli, alinyamaza sana. Halafu akaita watu wa nyumbani: mama, bibi, shangazi, na mdogo wetu aliyekuwa ya tano ya sekondari. Niliogopa ni kesi. Alianza hivi: "Mimi sikatai kumulisha. Nauliza tu, mpaka lini? Na asubuhi anafanyaka nini?"

Hayo maswali mawili yalinisaidia kuliko maombi yote niliyokuwa nimewapelekea watu. Mpaka lini? Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kujiuliza. Asubuhi ninafanya nini? Asubuhi nilikuwa nachota maji, naosha vyombo, napika sombe ya mchana, nasugua nyumba, kwa sababu mimi ni msichana na niko nyumbani "bure". Nilipata kusoma matangazo saa nne za usiku, kredi ikiwa imeisha. Kaka zetu wenye diploma wakikaa nyumbani wanaitwa watafuta kazi. Sisi tukikaa nyumbani tunaitwa msaada wa jikoni. Na baada ya mwaka mmoja neno linabadilika, linakuwa "mbona huolewi?" Ilikuja familia moja na maneno ya mahari. Shangazi alihesabu haraka: mahari ingerudisha mbuzi wa bibi na ingebaki. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anatafuta namna ya kuziba shimo. Bibi ndiye aliyekata. Alisema mbuzi zake hazirudishwi kwa njia hiyo, akaomba chumvi, na maneno yakaisha.

Tulichokubaliana siku ile nitawaeleza jinsi kilivyokuwa, maana wengi mnaniuliza familia inasaidiaje bila kuumia. Muda: miezi sita, halafu tunakaa tena. Chakula na kitanda si deni, hakuna kuvihesabu. Pesa mkononi ni kwa dosiye tu, na inaandikwa. Asubuhi mpaka saa saba mchana mimi ni mtafuta kazi, hakuna anayenituma maji. Jioni namfundisha mdogo wetu hesabu na Kifaransa kwa ajili ya egzetati yake, hiyo ndiyo malipo yangu kwa nyumba. Na kanuni moja aliyoileta mama: kinachozaa hakiuzwi tena. Mbuzi jike, mti wa ngazi, shamba, wavu. Ukitaka kuuza, uza redio.

Kanuni ile ya mama ningependa kila nyumba iijue. Nimeona vijana wa kwetu ambao wazazi waliuza shamba la michikichi ili mtoto apate nafasi mahali fulani. Mtoto akipata kazi ya miezi sita, na kazi nyingi hapa ni za miezi sita, projekti ikifungwa anarudi nyumbani ambako hakuna tena shamba la kumlisha. Kazi ya mashirika katika eneo letu inafuata matukio: wakimbizi wa Burundi walipokuja Lusenda mwaka 2015 kazi ziliongezeka, mfadhili akipunguza pesa zinapungua. Ngazi inatoa mafuta mwaka huu na mwaka ujao, haina mfadhili.

Katika ile miezi sita nilifanya kazi za siku. Kupanga listi kwenye ugawaji, kuuliza watu maswali kwa simu na Kobo, kuhesabu kaya. Wengi mnazidharau, lakini mimi ndipo niliposhika simu ya kazi kwa mara ya kwanza. Ila jueni sheria. Kodi ya kazi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16/10/2002, inasema mfanyakazi wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, ajira hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Ndiyo sababu utaona wanakupa siku 20 kisha wanakupumzisha. Sheria hiyohiyo inasema muda wa majaribio usizidi miezi sita, na kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu usizidi mwezi mmoja. Sikuambii ukagombane na mtu siku ya kwanza. Nakuambia uhesabu siku zako, uandike tarehe, uweke kila karatasi uliyosaini. Mtu anayejua siku zake anaongea kwa utulivu.

Miezi sita ikaisha bila kazi ya kudumu. Tukakaa tena, na safari hii mama ndiye aliyekuja na neno. Yumo katika AVEC ya kartie yetu. Kwa asiyeijua: wanachama kama ishirini hivi, kila wiki mtu ananunua hisa, pesa inaingia kisanduku chenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwenye kisanduku hana ufunguo hata mmoja. Mwanachama anakopa, anarudisha na faida ndogo, na mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, wanagawana vyote kufuatana na hisa. Mama alikopa dola 120 kwa jina lake akanipa. Si zawadi. Kama nisingerudisha, yeye ndiye angeaibika mbele ya wenzake kila Jumapili, na hilo lilinifanya niamke saa kumi na moja.

Nilinunua mawese wakati yanapotoka kwa wingi na bei iko chini, bido za lita 20, nikaziweka chini ya kitanda cha bibi. Nyumba ilinuka mafuta miezi mitatu. Bei ilipopanda nikauza, sehemu hapa Baraka, sehemu kwa wachuuzi wa Uvira. Bido moja ilivuja kwenye godoro, hiyo ni hasara ambayo bibi hajaisahau. Hata hivyo deni la AVEC lilirudi kabla ya siku, na faida ikabaki dola 46. Yote niliyaandika: siku ya kununua, lita, bei, usafiri, kilichovuja.

Mwaka 2022 shirika dogo la hapa lilitafuta mtu wa kufuatilia vikundi vya wakulima. Kwenye interviu waliangalia diploma yangu kwa sekunde chache. Halafu mmoja akauliza: "Umewahi kusimamia stoku?" Nikasema ya mawese, chini ya kitanda. Wakacheka. Nikatoa daftari. Hawakucheka tena, walianza kupindua kurasa. Nilipata kontra ya mwaka mmoja, ikafanywa upya, na mpaka leo niko nao, kila mwaka nikingoja kama itafanywa upya tena.

Najua kuna atakayesema: wewe ulikuwa na kaka, ulikuwa na mama wa AVEC, ulikuwa na bibi mwenye mbuzi. Asiye na mtu je? Ni kweli, na sitaki kupamba. Wapo wenzetu waliomaliza na hakuna mtu nyumbani, au nyumba yenyewe ilichomwa huko juu, nao wanalala kwa marafiki. Kwa hao ninachoona kinawezekana ni sisi kwa sisi: watu watatu au wanne kupanga chumba kimoja, kuchangia kredi moja ya intaneti, kupeana taarifa ya tangazo siku linapotoka badala ya kulificha. Ile tabia ya kuficha tangazo tuiache kwa kweli. Nafasi ni moja na hutaipata kwa sababu mwenzako hakujua. Utaipata au hutaipata.

Mshahara wa kwanza niliuleta wote nyumbani, kwenye bahasha, nikauweka mbele ya mama. Alitoa sehemu ya kumi akaipeleka kanisani, akanunua kitenge cha bibi, kilichobaki akanirudishia akisema nikale vizuri maana nimekonda. Mwezi wa pili na wa tatu nilinunua mbuzi majike wawili. Bibi aliwapokea bila maneno mengi. Ila alimwita mmoja wao "Dosiye", na jina limebaki.

Kwa kaka nilishindwa. Nilimpelekea dola 100, akazirudisha. Nilimwambia arudi masomo, kuna wanaosoma jioni na kufanya egzetati wakiwa na miaka 35. Akaniangalia: "Wewe unafikiri mimi bado niko ya nne?" Nikanyamaza. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nataka kumlipa kwa kile nilichopata mimi, na yeye alikuwa na kitu chake tangu zamani, ile injini. Sasa tunainunua pamoja, nusu yangu nusu yake. Tumefika dola 680, imebaki kama theluthi. Daftari la bluu lilijaa, tuko kwenye la kijani.

Mdogo wetu yuko inivasite mwaka wa pili. Minervali yake ya sehemu ya kwanza nimelipa mimi mwezi uliopita. Ya pili kaka amesema ni yake, nisiiguse. Tarehe ya mwisho waliyopewa ni 20, na nimetazama kalenda ya mwezi: tarehe 20 ni giza, ekipi zote zitakuwa ziwani.

Mdogo wangu uliyeniandikia, nimekujibu hapa. Jumapili njoo nyumbani, ulete daftari, na umwambie mama yako nitakuja kuwasalimu wiki inayofuata, tukae naye.